Kilomita za Gari Letu



Ukitaka kuuza gari dogo hapa Arusha utaulizwa maswali mawili kabla mtu hajafungua hata boneti. La kwanza ni "Namba gani?" Anayeuliza hataki namba yote. Anataka ile herufi inayofuata tarakimu tatu, kwa sababu hiyo ndiyo inayoonyesha gari lilisajiliwa nchini zamani kiasi gani. Namba A ni mzee, namba E ni kijana. La pili ni "Limetembea kilomita ngapi?" Jibu la swali la kwanza limefungwa mbele na nyuma ya gari, kila mtu analisoma. Jibu la swali la pili liko kwenye dashibodi, na kila mtu anajua kwamba wapo mafundi wanaoweza kulibadilisha kabla chai haijapoa.

Swali hilo la pili lilituketisha sisi wa nyumba hii jioni nyingi mwezi Agosti 2025. Tuko Kisongo, mafrateri saba na padre mlezi mmoja. Tunaandika kwa wingi kwa sababu gari lilikuwa la wote na uamuzi ulikuwa wa wote. Tunaliandika jambo hili pia kwa sababu waumini wengi wa parokia zetu wana magari ya aina hiyohiyo, na wengine wao wanaishi kwa magari hayo.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Corolla, ile ambayo mafundi huiita 110, iliyotengenezwa Japani mwaka 1998, injini ya 5A, namba B. Familia moja ya parokia ilitupatia Machi 2014 wakati dashibodi ikisoma 174,300. Tulipoliuza ilikuwa inasoma 356,700. Ukitoa utaona kwamba mikononi mwetu lilitembea kilomita 182,400, yaani zaidi ya mara nne kuizunguka dunia, ingawa halikuwahi kwenda mbali kuliko Dodoma. Dunia hiyo yote liliizunguka kati ya Kisongo, mjini, Monduli, Makuyuni na vigango vya huku bondeni, katika vumbi ambalo kiangazi huingia hata ndani ya sanduku la hostia.

Padre mmoja mzee, Mmarekani, aliyewahi kukaa nasi kwa miezi michache, alilipenda sana gari hilo. Alituambia kwamba kwao gari la namna hii, saluni ya zamani iliyotembea sana, ndilo gari la mwanafunzi, la mjane na la paroko wa kijijini. La nyumbani kwao lilikuwa Buick. Kwao wanahesabu maili, na maili moja ni kilomita 1.6. Magari ya ujana wake yalikuwa na tarakimu tano tu za maili, hivyo gari likifika maili 100,000 tarakimu zote zilirudi kuwa sifuri. Familia ilisimamisha gari kando ya barabara ili watoto washuhudie. Baada ya hapo, alisema, hukuweza tena kujua kwa kuangalia dashibodi kama gari ni jipya au limezunguka mara moja au mara mbili. Ilibidi umwamini mwenyewe.

Huku kwetu Buick hazikushika. Usukani wake uko kushoto, injini yake inakunywa, na spea yake utaitafuta mpaka uchoke. Wazee wanaokumbuka mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kwa miaka mingi yakapita katika nchi za Afrika Mashariki, watakumbuka pia mwaka 1964, Wamarekani walipoleta kikosi cha saluni zao za Mercury Comet, magari yenye nguvu nyingi. Yaliyofika mwisho yalikuwa mawili tu. Mshindi alikuwa Ford Cortina, gari dogo kutoka Uingereza. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, na mwenzake Chris Rothwell, wakiwa na Peugeot 404. Barabara zetu zilikwisha kutoa hukumu mapema kwamba nguvu siyo inayolidumisha gari. Gari hudumu pale lilipo na fundi anayelijua, na spea inayopatikana, na mtu anayekumbuka lilitengenezwa nini na lini. Kwa kizazi chetu nafasi hiyo imeshikwa na Corolla na ndugu zake.

Jambo hilo la tatu, la kukumbuka, ndilo lililokuja kutusumbua.

Tangu siku ya kwanza gari lilikuwa na daftari. Ni daftari kubwa la kaunta, lenye gamba gumu, lililokaa kwenye droo ya mbele ya gari pamoja na kadi na pembetatu za dharura. Kila aliyeendesha aliandika tarehe, kilomita za kuondoka, kilomita za kurudi, alikokwenda, mafuta aliyoweka na tatizo aliloona. Mwanzoni lilikuwa sharti la mtunza hazina, aliyetaka kujua mafuta yanakwenda wapi. Baadaye likawa desturi. Mafrateri wamekuja na kuondoka, wengine sasa ni mapadre, mmoja ana watoto watatu na duka Ngaramtoni, lakini mwandiko wao umebaki humo.

Ukilisoma unaona maisha ya parokia kwa kilomita. "203,118, Mama mjamzito, usiku saa 8, hospitali ya mkoa. Mtoto wa kiume." "231,560, Mpako wa wagonjwa, kigangoni. Tumechelewa, mto umejaa." "246,902, Madumu 9 ya maji. Shokapu za nyuma zinalalamika." "268,075, Maharusi. Maua yamekwaruza boneti." "284,440, Msiba. Tumerudi na wazee wanne." Katikati ya hayo kuna mambo ya fundi: oili imemwagwa, plagi zimebadilishwa, boljoint ya kulia, bushi zote za mbele, rejeta imezibuliwa kwa sababu gari lilikuwa linachemsha kwenye mlima. Mara mbili kuna mstari uliopigiwa rangi nyekundu: mkanda wa taiming umebadilishwa, 198,600, mkanda wa taiming umebadilishwa, 297,900.

Mwaka 2025 wafadhili walitupatia Noah ya mtumba, kwa kuwa tulikuwa tumezidi kuwa wengi kwa gari la watu watano. Nyumba haiwezi kutunza magari mawili. Tukakubaliana Corolla iuzwe, na fedha yake ifanye kazi mbili. Ya kwanza, pikipiki ya katekista wetu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitembea kwa miguu kati ya vigango vitatu vya upande wa Monduli. Ya pili, simtanki la lita 5,000 pamoja na mifereji ya bati, kwa ajili ya kanisa la kigango kimoja ambapo akina mama hutembea mbali kufuata maji. Tulipiga hesabu: pikipiki milioni 2.9, tanki na mifereji na msingi wake milioni 2.4. Jumla milioni 5.3.

Dalali aliyekuja kuliangalia alikuwa mtu mchangamfu na mjuzi wa kazi yake. Alilizunguka, akalala chini ya injini na shati lake jeupe, akasikiliza injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Alisema injini ni nzima na bodi haina kutu. Kisha akatazama dashibodi, akatikisa kichwa. "Mafrateri, kwa namba hii mtapata milioni nne, nne na kidogo. Mtu akiona laki tatu na nusu anakimbia. Tuishushe. Iwe laki moja na ishirini na kitu. Kuna fundi anafanya kwa laki moja, na mimi nitawaletea mteja wa milioni tano na nusu ndani ya wiki."

Alisema bila kunong'ona, kama mtu anayeshauri gari lioshwe kabla ya kuuzwa.

Ingekuwa rahisi kuandika kwamba sote tulikataa papo hapo. Haikuwa hivyo. Tulisema tutajibu, na jioni ile mezani mazungumzo yalianza. Tunataka kueleza kwa haki hoja za pande zote, maana hoja za upande wa kukubali hazikuwa za kijinga, na mmoja wetu aliyezitetea alifanya hivyo kwa sababu alizaliwa mahali ambapo maji hubebwa kichwani.

Alisema hivi. Kila mnunuzi wa gari kuukuu nchini anajua kwamba kilomita zinashushwa. Kwa hiyo hakuna anayeamini namba iliyopo. Akiona laki moja na ishirini, kichwani anaongeza mara mbili. Sasa akiona laki tatu na hamsini na sita ataongeza mara mbili pia, na ataona laki saba. Mwenye kusema kweli kwenye soko la waongo anaadhibiwa kwa uongo ambao hakuusema. Tukishusha namba tutakuwa tumezungumza lugha ambayo mnunuzi anaielewa, na atafika mwenyewe kwenye ukweli. Zaidi ya hayo, akaendelea, fedha siyo yetu. Milioni moja na zaidi tutakayoiacha haitoki mifukoni mwetu. Inatoka kwenye tanki la akina mama wale. Ni rahisi kuwa mwaminifu kwa gharama ya mtu mwingine.

Sentensi hiyo ya mwisho ilitunyamazisha. Tulikuwa tumejiandaa kujibu kwa amri ya saba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inataja waziwazi udanganyifu katika biashara, na pia kupandisha bei kwa kutumia kutojua kwa mwingine au shida yake. Hilo linaeleweka. Lakini mwenzetu hakuwa anauliza kama kudanganya ni dhambi. Alikuwa anauliza kama namba ambayo hakuna anayeiamini bado ni udanganyifu, na nani hasa atakuwa ameumizwa.

Padre mlezi hakutoa jibu. Alisema tu, "Kabla hamjaamua, someni daftari lote. Msiruke ukurasa."

Tulilisoma kwa zamu kwa jioni nne. Tulicheka sana, na mahali pengine hatukucheka. Jioni ya nne, mmoja wetu aliyefanya kazi gereji kabla ya kuingia seminari aliirudia ile mistari miwili myekundu. Akauliza, "Mkanda unaofuata ni lini?" Tukahesabu. Mkanda wa taiming wa injini hii hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Wa mwisho ulifungwa 297,900. Unaofuata ni kabla ya 398,000, yaani zimebaki kilomita elfu arobaini na moja. Kwa dereva wa kubeba abiria, huo ni mwaka mmoja au chini yake.

"Sasa," akasema, "dashibodi ikisoma laki moja na ishirini, mnunuzi atahesabu vipi?"

Hapo ndipo jambo lilipogeuka. Ile hoja ya kwamba mnunuzi ataongeza mara mbili kichwani ni kweli kwa upande wa bei. Kwa bei, kila mtu hukisia na kupatana. Lakini mkanda haukisiwi, wala mipira ya breki haiongezwi mara mbili kichwani. Dereva huhesabu matengenezo kwa kutazama namba iliyo mbele yake. Ukishamfutia laki mbili na thelathini elfu, umemfutia pia mahali pa kuanzia kuhesabu. Na daftari lingelazimika kufa pamoja na zile kilomita, maana huwezi kumkabidhi mtu gari la laki moja na ishirini pamoja na daftari linaloishia laki tatu na hamsini na sita. Tungelazimika kulichoma.

Mwenzetu wa gereji alieleza kinachotokea mkanda ukikatika. Injini inazimika hapohapo. Breki zinabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani unakuwa mzito. Kwenye tambarare ya Kisongo utasukuma gari pembeni na kupiga simu. Kwenye mteremko wa kutoka Karatu kushuka Mto wa Mbu, ukiwa na abiria watano, hilo ni jambo jingine kabisa.

Sisi wa upande huu hatuhitaji kuelezwa ajali ni nini. Februari 2024 pale Kibaoni, Ngaramtoni, lori liligonga magari mengine na watu zaidi ya 20 wakafariki. Baadhi yetu tulisindikiza jeneza. Hatusemi ajali ile ilihusiana na kilomita za gari. Tunasema kwamba mtu akishakaa kwenye misiba ya namna ile, hawezi tena kuliita gari lisilojulikana hali yake kuwa ni suala la bei tu.

Kuna namba nyingine ya Katekisimu ambayo hatukuitegemea katika mjadala wa biashara. Ni 2290. Inasema juu ya wale ambao kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi huhatarisha usalama wao na wa wengine barabarani, na inasema wana hatia nzito. Ukiangalia mahali ilipowekwa, haimo katika amri ya saba. Imo katika amri ya tano, pamoja na mauaji. Kanisa limeihesabu barabara kuwa mahali ambapo mtu anaweza kuua bila kushika silaha. Tulianza mazungumzo na "Usiibe", tukajikuta tumefika kwenye "Usiue".

Na swali la nani ataumizwa lilipata jibu lake. Mnunuzi anaweza kuwa mjanja na kujilinda. Abiria hawezi. Yule mama anayepanda gari jioni akirudi kutoka mnadani, amemshika mbuzi wake kwa kamba, haulizi kilomita. Hakuwepo wakati wa kupatana bei, na hakupata punguzo lolote. Udanganyifu wa dashibodi haukai kwa muuzaji na mnunuzi. Unasafiri na kila anayeingia. Wahenga wetu walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwa gari, kilio hicho mara nyingi huwa cha mwingine.

Yule padre Mmarekani alikwisha rudi kwao, lakini alipopigiwa simu alitukumbusha kwamba hata huko tatizo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1972 walitunga sheria ya nchi nzima kukataza kuchezea mita ya maili, na kumtaka muuzaji aandike maili za gari anapolihamisha kwa mnunuzi. Akatania kwamba kizazi chake ndicho kilichofanya sheria hiyo ihitajike.

Tulimkumbuka pia marehemu Papa Fransisko, aliyekuwa amefariki Aprili ya mwaka huohuo. Wengi wanakumbuka kwamba tarehe 6 Julai 2013 aliwaambia waseminari na wanovisi kuwa humuumiza kumwona padre au mtawa na gari la toleo jipya, na kwamba gari ni la lazima kwa kazi lakini lichaguliwe la kawaida. Wachache wanakumbuka kilichofuata miezi miwili baadaye. Padre Renzo Zocca wa Verona, Italia, alimletea zawadi ya gari lake la Renault 4 la mwaka 1984, ambalo alilitumia kwa miaka mingi katika utume wake kati ya wafanyakazi na maskini. Lilikuwa limetembea kilomita 300,000. Namba hiyo ilitangazwa dunia nzima, na hakuna aliyeona haja ya kuipunguza. Katika zawadi ile, kilomita ndizo zilizokuwa na thamani. Zilikuwa ushahidi kwamba padre yule alikuwa ametoka nyumbani na kwenda kwa watu.

Tukamjibu dalali kwamba tutauza kama lilivyo, pamoja na daftari. Hakukasirika. Alisema ataendelea kututafutia mteja, ila tusimlaumu kwa bei.

Wateja watatu wa kwanza walitazama dashibodi wakaaga. Wa nne alikuwa kijana anayetaka kuanza kubeba abiria, amekuja na mjomba wake ambaye ni dereva wa siku nyingi. Kijana alitazama namba akanyong'onyea. Mjomba aliomba daftari. Alikaa nalo kwenye benchi chini ya mti kwa karibu saa nzima, akilisoma kwa kidole. Aliporudi alisema, "Wakuu, gari hili nalijua kuliko langu." Akamwambia mpwa wake aandike kwenye simu: mkanda, kabla ya laki tatu tisini na nane. Kisha, kama ilivyo haki ya mnunuzi, akapatana nasi bila huruma. Tuliuza kwa milioni 4.2.

Hatutaki kuacha msomaji afikiri kwamba uaminifu ulilipwa. Haukulipwa. Tulipungukiwa na milioni 1.1 katika hesabu yetu. Pikipiki ilinunuliwa, na katekista sasa anafika vigango vyote vitatu katika Jumapili moja. Fedha iliyobaki, milioni 1.3, ilitosha mifereji na msingi wa zege. Tanki halikupatikana.

Ilibidi tuwaeleze wenyewe. Tulikwenda kigangoni baada ya Misa, tukasema kila kitu: tulichoahidi, bei tuliyoambiwa, bei tuliyopata, na kwa nini. Mwenzetu yule aliyekuwa ametetea upande wa tanki ndiye aliyeomba kuzungumza, kwa kuwa alitaka wasikie kutoka kwake. Akina mama walisikiliza. Kukawa na ukimya. Mzee mmoja aliguna, na hatukujua aliguna kwa maana gani. Kisha yeyo mmoja akauliza swali moja tu: "Hilo gari limekwenda kubeba watu?" Tukasema ndiyo, linabeba watu, barabara ya Monduli. Akasema, "Basi maji tutaendelea kubeba." Akajifunga khanga yake vizuri na kuinuka. Wengine waliinuka pia, na mkutano ukawa umekwisha.

Hatukutoka pale tukijisikia washindi. Yeyo yule hakutupongeza. Alitwambia gharama ni nini na nani anailipa, kisha akakubali kuilipa. Tangu siku ile tunapozungumza darasani juu ya ukweli katika maadili, kuna dumu la lita 20 mbele ya macho yetu. Jumuiya mbili za parokia zimeanza mchango wa tanki, nasi tumeweka sehemu yetu. Mifereji iko tayari juu, inasubiri.

Kwa waumini wanaofikiria kununua gari la namna hii, tunaongeza machache tuliyojifunza kwa fundi. Usiiamini dashibodi peke yake. Tazama mpira wa pedali ya breki na ya klachi: gari la kilomita chache halina pedali iliyolika mpaka chuma. Tazama usukani unapong'aa, na kiti cha dereva upande wa mlango. Uliza karatasi zilizotoka nalo Japani, maana cheti cha kulisafirisha nje huwa na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa huko. Tafuta stika ya oili ndani ya mlango au chini ya boneti. Anayeshusha namba mara nyingi huisahau. Na kama huna uhakika na mkanda, ubadilishe siku uliyolinunua, uanze kuhesabu upya kwa kweli.

Kwa mafrateri wenzetu, kuna jambo linalotuhusu zaidi ya magari. Kila mwaka tunaandikiwa tathmini, na kila mmoja wetu amewahi kutamani namba zake zishushwe kidogo kabla hazijafika kwa gambera au kwa askofu. Tulikotoka, tulichoumia, tulichorekebishwa na lini: hayo yote ni kilomita. Mlezi asiyezijua hawezi kujua mkanda upi unakaribia kukatika, na watakaokuwa ndani ya gari siku hiyo ni waumini.

Daftari jipya limefunguliwa kwa ajili ya Noah. Dashibodi yake ilisoma 96,000 lilipotufikia, na pedali ya breki imelika mpaka chuma. Ukurasa wa kwanza una mstari huu, kwa wino mwekundu: "Inasoma 96,000. Hatuiamini. Breki, bushi na mipira yote imekaguliwa na kubadilishwa leo. Tunaanza kuhesabu hapa."